UZI: "Mfumuko umeshuka" si "bei imeshuka". Historia ya hesabu ya kasi, na kwa nini inatuhusu

1. Kila mjadala wa gharama ya maisha hapa Kenya hufika mahali pamoja. Upande mmoja unasema mfumuko wa bei umeshuka, takwimu hizi hapa. Upande wa pili unajibu: nenda sokoni basi utuonyeshe kilichoshuka. Halafu wote wanaitana waongo mpaka asubuhi. Nimefuatilia hii vita miaka mingi, na mara nyingi naona hakuna aliyedanganya. Wanaongea kuhusu vitu viwili tofauti. Kuna hesabu nzima iliyobuniwa kutofautisha vitu hivyo, na historia yake ni tamu. Sitataja mwanasiasa wala chama. Twende pole pole.

2. Wazee wetu walisema: chururu si ndo ndo ndo. Maji yanayochuruzika mfululizo si sawa na yanayodondoka tone kwa tone. Ukiitafakari, hiyo ni methali ya kasi. Haisemi maji yamefika wapi mtungini, inasema yanaingia vipi. Sasa chukua tangi la maji. Kuna KIASI kilichomo. Kuna KASI ya kuingia, yaani lita ngapi kwa dakika. Na kuna BADILIKO LA KASI, yaani kama mfereji unazidi kufunguliwa ama unafungwa. Ukifunga mfereji nusu, kasi inapungua lakini tangi linaendelea kujaa. Shika hapo. Uzi wote umesimama juu ya hilo tangi.

3. Usidhani ni jambo rahisi. Liliwasumbua watu wenye akili nyingi kwa zaidi ya miaka 2,000. Mgiriki Zeno, karne ya 5 kabla ya Kristo, aliuliza hivi: mshale ukiwa hewani, kwa nukta moja tu ya wakati, unasogea? Kwa nukta hiyo uko mahali pamoja tu, kwa hivyo umesimama. Na kama umesimama kila nukta, unafikaje? Kasi tunaipata kwa kugawanya umbali kwa muda. Lakini kwa nukta moja umbali ni sifuri na muda ni sifuri. Sifuri kwa sifuri ni nini? Hapo ndipo watu walikwama.

4. Mwaka wa 1150, mwanahisabati wa India aitwaye Bhaskara alikamilisha kitabu chake Siddhanta Shiromani. Ndani yake alishughulikia mwendo wa sayari "wa papo hapo", si wa wastani wa siku nzima. Karibu miaka 200 baadaye, wasomi wa Merton College kule Oxford waligundua kanuni hii: kitu kinachoongeza kasi kwa usawa husafiri umbali ule ule ambao kingesafiri kama kingeenda kwa kasi ya katikati muda wote. Halafu Mfaransa Nicole Oresme, karne hiyo hiyo ya 14, akaichora. Wakati akauweka kwenye mstari wa chini, kasi akaisimamisha wima. Hizo grafu mnazoona kwenye televisheni usiku wa bajeti, ukoo wake unaanzia karibu na hapo.

5. Mnamo 1638 Galileo alichapisha kazi yake kuhusu vitu vinavyoanguka. Kitu kikianguka, kila sekunde kinapita umbali mkubwa kuliko sekunde iliyotangulia, kwa mpangilio wa 1, 3, 5, 7. Kwa hivyo umbali unaongezeka, na kasi pia inaongezeka. Ila kasi yenyewe inaongezeka kwa kipimo kile kile kila sekunde. Ona sasa, tuna ngazi tatu: umbali, kasi ya umbali, na badiliko la kasi. Ngazi hizo tatu ndizo huchanganywa kila siku kwenye mikutano ya hadhara.

6. Waliokata fundo ni wawili. Isaac Newton, miaka ya 1665 na 1666, alikuwa amerudi kijijini kwao Woolsthorpe kwa sababu chuo cha Cambridge kilifungwa kutokana na tauni. Huko ndiko alikotengeneza sehemu kubwa ya hesabu hii. Lakini hakuichapisha. Mjerumani Gottfried Leibniz akaifikia kwa njia yake na kuichapisha mwaka wa 1684. Yakazuka magomvi ya nani aliiba kwa nani. Mwaka wa 1712 Royal Society ya London iliunda kamati ya kuchunguza, na rais wa hiyo Royal Society alikuwa Newton mwenyewe! Mnaweza kukisia ripoti ilimpa nani ushindi. Leo tunakubali kwamba kila mmoja aliifikia kivyake.

7. Wazo lenyewe ni hili. Usigawanye sifuri kwa sifuri. Chukua muda mfupi, halafu mfupi zaidi, halafu mfupi zaidi, uone jibu linaelekea wapi. Mfano: jiwe likianguka, umbali kwa mita ni karibu 5 mara wakati mara wakati. Unataka kasi yake kwenye sekunde ya 2. Kati ya sekunde ya 2 na ya 3, wastani ni mita 25 kwa sekunde. Kati ya 2 na 2.1 ni 20.5. Kati ya 2 na 2.01 ni 20.05. Jibu linakaribia 20. Hiyo 20 ndiyo kasi ya papo hapo. Wenye kalkulasi wanaiita derivativu. Mimi nitaendelea kuiita kasi.

8. Si kila mtu aliridhika. Mwaka wa 1734 George Berkeley, askofu, aliandika kitabu kizima cha kuwakejeli wanahisabati: mnasema hicho kipande cha muda si sifuri mkitaka kugawanya, halafu mnasema ni sifuri mkitaka kukifuta. Chagueni moja! Na kusema kweli alikuwa na hoja. Ilibidi kungoja mpaka karne ya 19, Mfaransa Cauchy na baadaye Mjerumani Weierstrass, ndipo msingi ukajengwa vizuri. Nawaambia hili kwa sababu moja: ukichanganyikiwa kuhusu kasi, usijione mjinga. Hiyo ni hesabu iliyowatoa watu jasho.

9. Tuje nyumbani. Gari likitoka Nairobi hadi Mombasa, karibu kilomita 480, kwa saa 8, wastani ni kilomita 60 kwa saa. Dereva anaweza kukuapia kwamba hakuvunja sheria. Lakini wastani hausemi alipita vipi ile miteremko ya njiani. Mwaka wa 2004, sheria mpya za matatu zilipoanza kutekelezwa, gari lililazimika kuwa na kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Kile kifaa hakijali wastani wa safari. Kinashika kasi ya papo hapo, kwa sababu ajali hutokea papo hapo. Abiria hafi kwa wastani.

10. Hesabu hii iliingia kwenye siasa kupitia idadi ya watu. Mwaka wa 1798 Mwingereza Thomas Malthus alidai kwamba watu huongezeka kwa kuzidisha na chakula kwa kujumlisha, kwa hivyo njaa haikwepeki. Mwaka wa 1838 Mbelgiji Pierre Verhulst akaandika hesabu inayosema kasi ya ongezeko hupungua kadiri watu wanavyokaribia uwezo wa mazingira. Yaani watu wanaendelea kuongezeka, lakini mfereji unafungwa taratibu. Ugomvi wa namna hiyo uko hapa kwetu kila sensa ikitangazwa, kwa sababu sensa inagusa mgao wa pesa na mipaka ya maeneo ya uchaguzi.

11. Tazama sensa zetu. 1979: watu milioni 15.3. 1989: 21.4. 1999: 28.7. 2009: 38.6. 2019: 47.6. Sasa toa moja kwa nyingine. Miaka kumi ya kwanza tuliongezeka milioni 6.1, iliyofuata karibu 7.2, halafu 9.9, halafu 9.0. Kwa asilimia, kati ya 1979 na 1989 tulikua kwa takribani 3.4 kwa mwaka. Kati ya 1999 na 2009 ilikuwa karibu 3. Kati ya 2009 na 2019 ikawa 2.2.

12. Umeona kitu? Asilimia ya 1999 hadi 2009 ilikuwa ndogo kuliko ile ya 1979 hadi 1989. Lakini watu walioongezeka walikuwa milioni 9.9 dhidi ya 6.1. Asilimia ilishuka, vichwa vikaongezeka zaidi, kwa sababu ile asilimia ndogo inachukuliwa kutoka kwa idadi kubwa. Kwa hivyo mtu akikwambia "ongezeko la watu limepungua, kwa nini mnataka shule zaidi", muulize: limepungua kwa asilimia ama kwa vichwa? Dawati halikaliwi na asilimia. Linakaliwa na mtoto.

13. Sasa mfumuko wa bei. Mwanahisabati wa Marekani, Hugo Rossi, aliandika mwaka wa 1996 akikumbusha tukio la mwaka wa 1972: rais aliyekuwa madarakani, akitafuta muhula wa pili, alitangaza kwamba kasi ya kuongezeka kwa mfumuko ilikuwa inapungua. Rossi alitania kwamba ilikuwa mara ya kwanza rais kutumia ngazi ya tatu ya derivativu kuomba kura. Hebu tushuke hizo ngazi. Bei ni kiasi. Mfumuko ni kasi ya bei. Kuongezeka kwa mfumuko ni badiliko la kasi. Kupungua kwa kuongezeka kwa mfumuko ni badiliko la badiliko la kasi. Kwa maneno mengine: bei zinapanda, zinapanda kwa kasi zaidi, lakini hiyo "zaidi" imepoa kidogo. Ukisikia "inapungua" mwishoni mwa sentensi, moyo unatulia. Ndiyo kazi yake.

14. Rais huyo alishinda. Mfumuko wa Marekani, uliokuwa takribani asilimia 3 mwaka wa 1972, ulifika wastani wa karibu asilimia 11 mwaka wa 1974. Mafuta na chakula vilichangia sana, kwa hivyo sisemi sentensi moja ilileta hayo. Ninachosema ni kwamba habari njema ya ngazi ya juu inaweza kuwa kweli kabisa na bado isikwambie chochote kuhusu bei utakayoikuta dukani mwakani.

15. Sisi pia tumepitia. Mwaka wa 1993 mfumuko wa wastani Kenya ulikuwa karibu asilimia 46. Wenye umri wanakumbuka. 1994 ukawa karibu 29. 1995 ukaanguka mpaka chini ya 2. Ushindi mkubwa, na ni kweli ulikuwa ushindi. Lakini piga hesabu: kikapu cha bidhaa kilichokuwa shilingi 100 mwaka wa 1992 kilikuwa karibu shilingi 190 mwaka wa 1995. Mfereji ulifungwa. Maji yaliyokwisha kuingia hayakutoka.

16. Karibu zaidi na sisi. Takwimu rasmi zilionyesha mfumuko wa asilimia 9.6 Oktoba 2022, 6.9 Oktoba 2023, na 2.7 Oktoba 2024. Mteremko mzuri. Sasa anza na kikapu cha shilingi 100 Oktoba 2021. Oktoba 2022 kinakuwa 109.60. Oktoba 2023 ni kama 117. Oktoba 2024 ni kama 120. Ile namba ya mfumuko ilishuka kila mwaka. Ile bei ilipanda kila mwaka. Zote mbili ni kweli, na zinatoka kwa takwimu zile zile.

17. Ama tuseme hivi. Mtu aliyekuwa na mshahara wa shilingi 30,000 Oktoba 2021, na mpaka Oktoba 2024 ni ule ule 30,000, alikuwa ananunua vitu vya kama 25,000. Hakuna aliyemkata mshahara. Hakuna barua aliyoandikiwa. Lakini elfu tano imeenda. Ukimwambia "mambo yamekuwa mazuri, mfumuko ni 2.7", atakuona kama unamdhihaki. Watu waliobeba sufuria barabarani mwaka wa 2023 hawakuwa wanapinga kasi. Walikuwa wanapinga kiasi.

18. Na upande wa pili nao usikilize. Kusema "hakuna kilichobadilika" ni kosa pia. Kati ya 9.6 na 2.7 kuna tofauti kubwa sana. Mfumuko ungebaki 9.6 miaka yote mitatu, kile kikapu kingefika karibu 132, si 120. Na mwaka huo wa 2024 kuna bidhaa zilizoshuka bei kweli kweli, kama sukari na unga wa mahindi. Anayekataa takwimu yote kwa sababu moja haimfurahishi anajinyima silaha yake mwenyewe, kwa sababu takwimu hizo hizo ndizo zinazothibitisha kwamba bei ziko juu.

19. Deni la taifa ni tangi lile lile. Deni ni kiasi. Nakisi ya bajeti, yaani pengo kati ya mapato na matumizi, ndiyo inayolijaza. Mtu akisema "tumepunguza nakisi" amesema amefunga mfereji kidogo. Hajasema deni limepungua. Ili deni lianze kushuka, nakisi lazima ifike sifuri halafu iwe ziada. Juni 2022 deni letu lilikuwa karibu trilioni 8.6. Juni 2023 karibu 10.3. Juni 2024 karibu 10.6. Juni 2025 karibu 11.8.

20. Angalia hapo katikati. Mwaka mmoja deni lilipanda kwa trilioni 1.7, mwaka uliofuata kwa 0.3 tu, kisha 1.2. Je, 2023 hadi 2024 tuliacha kukopa? La hasha. Sehemu kubwa ya deni iko kwa pesa za kigeni. Dola ilitoka karibu shilingi 118 Juni 2022 ikafika karibu 140 Juni 2023, kisha ikarudi karibu 129 Juni 2024. Shilingi ikidhoofika, deni la nje linavimba kwenye vitabu hata bila mkopo mpya. Shilingi ikipata nguvu, linanywea hata kama bado unakopa. Kwa hivyo kabla ya kusifu ama kulaani kasi yoyote, uliza ni nini hasa kinachoisukuma.

21. Kuna mbinu moja ya mwisho, na pande zote huitumia: kuchagua siku ya kuanzia. Novemba 2011 mfumuko wetu ulifika asilimia 19.7. Ukianzia hapo, karibu serikali yoyote iliyofuata inaonekana kama malaika. Ukianzia mwezi uliokuwa chini kabisa, ile ile inaonekana kama shetani. Tena, mfumuko wa mwaka hulinganisha mwezi huu na mwezi kama huu mwaka jana. Mwaka jana bei zikiwa zilipaa, namba ya leo inatoka ndogo yenyewe, hata kama leo hakuna aliyefanya kazi ya maana. Newton alipunguza kipande cha muda ili aione kasi halisi. Wanasiasa huchagua kipande cha muda ili uone kasi wanayoitaka.

22. Kwa hivyo, mtu yeyote akisimama jukwaani ama redioni na kusema kitu "kimepanda" ama "kimeshuka", muulize maswali manne:
Moja: ni kiasi, ni kasi, ama ni badiliko la kasi?
Mbili: kutoka lini hadi lini, na kwa nini umeanzia hapo?
Tatu: ni asilimia ama ni idadi kamili?
Nne: ni nini kinachosukuma hiyo namba, ni kazi yenu ama ni kitu kingine?
Akijibu yote manne bila kukasirika, msikilize, hata kama si wa upande wako.

23. Kwa nini nimetumia usiku mzima kuandika haya? Kwa sababu tunapoteza kitu kikubwa kuliko hoja. Mama mboga anaambiwa bei zimeshuka na yeye ndiye aliyenunua nyanya asubuhi. Anaamua takwimu zote ni uongo. Baada ya hapo, hata ukimletea takwimu ya chanjo, ya mtihani ama ya kura, hataki kusikia. Na aliyesema mfumuko umeshuka anaamua kwamba wananchi hawaelewi kitu, hakuna haja ya kuwaeleza. Wote wawili walikuwa na ukweli mkononi.

24. Mwenye swali aweke hapa chini, nitajibu. Na ukisikia wiki hii mtu amechanganya kasi na kiasi, wa upande wowote ule, lete maneno yake hapa bila matusi tuyapime pamoja. Tuanze na wale tunaowapigia kura wenyewe.